Jinsi ya Kutambua Dalili za Misetoma kwenye Ngozi

Misetoma ni ugonjwa sugu wa ngozi na nyama iliyo chini yake. Husababishwa na fangasi, na wakati mwingine bakteria, wanaoishi udongoni na kuingia mwilini kupitia jeraha dogo, mara nyingi la mwiba katika mguu usio na kiatu. Mgonjwa huwa ameshalisahau jeraha hilo dalili zinapojitokeza, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu yake. Kagua mguu wenyewe penye mwanga wa kutosha, ukiulinganisha na wa pili.

Tafuta kwanza uvimbe mgumu chini ya ngozi, usiouma ukibonyezwa, ambao umekuwa ukikua polepole kwa miezi au hata miaka. Kutouma huko ndiko kunakowaponza wengi, maana jipu la kawaida huuma, huwa la moto na huiva ndani ya siku chache, ilhali uvimbe huu hutulia huku ukila misuli na hatimaye mfupa.

Baadaye hutokea vijitundu vinavyotoa usaha, vingine vikiziba na vipya vikifunguka jirani. Hapa usiharakishe. Funika sehemu hiyo kwa bandeji safi nyeupe, iondoe baada ya saa kadhaa, kisha chunguza kilichonata: punje ndogo ngumu, mithili ya chembe za mchanga, ni ushahidi mzito. Punje nyeusi kwa kawaida ni za fangasi na nyekundu ni za bakteria, lakini nyeupe au za manjano zaweza kuwa za upande wowote, na ni maabara itakayoamua. Uamuzi huo ndio unaoongoza tiba, kwa kuwa misetoma ya bakteria hutibiwa kwa antibiotiki, ilhali ya fangasi huhitaji dawa kama itrakonazoli kwa miezi mingi, mara nyingi pamoja na upasuaji.

Usiichanganye na sporotrikosi, ugonjwa mwingine wa ngozi unaoletwa na fangasi: nayo hutoka udongoni na kwenye mimea, ila vinundu vyake aghalabu hupangana mstari, tuseme kutoka kidole kilichochomwa kupanda mkononi, kwa kufuata mishipa ya limfu.

Shirika la Afya Duniani liliingiza misetoma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2016 tu, hivyo usishangae mhudumu akiuita uvimbe huo jipu na kutaka kuupasua papo hapo. Omba kwanza eksirei na kipimo cha kipande cha nyama, kwa sababu ukikatwa bila kujulikana ulipoenea, mabaki yake huota upya.