Kabla hujapiga lipu nyumba ya mawe

Mimi ni mwashi wa nyumba kongwe za Mji Mkongwe, Unguja. Mwenye nyumba akiniita kwamba lipu inabanduka, mwiko nauacha mkobani kwanza. Napima chumba. Ukikuta chumba kirefu lakini chembamba, kama mita 3 hivi, tazama juu: dari imebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi, za mawe ya matumbawe yaliyojengewa udongo na chokaa. Nyumba nyingi hapa ni za karne ya 19. Paa la bati mara nyingi liliongezwa baadaye, juu ya sakafu bapa ya chokaa.

Ukuta wa namna hii hunywa maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Udongo ndani unalainika, chumvi inachanua, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani vinaoza, huku nje kunapendeza. Naumia kila nikiona gunia la saruji mlangoni.

Basi anza na maji: mfereji wa bati, bomba, choo cha juu. Yakishazibwa, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama patupu ndani, bandua pole pole. Mashimo yajaze vijiwe na chokaa, usijaze lipu tupu.

Chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, iloweke wiki kadhaa, ukiweza miezi, mpaka iwe laini kama siagi. Changanya sehemu 1 na mchanga 3, mchanga safi usio wa pwani. Rowesha ukuta, piga matabaka membamba, funika kwa magunia mabichi jua lisiikaushe upesi. Malizia kwa chokaa ya kupaka. Rangi ya mafuta huziba kama saruji.

Boriti zilizooza ni habari nyingine. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, ilipoporomoka Desemba 2020, sikubali kuharakishwa na mtu. Weka nguzo za muda kabla ya kugusa hata boriti moja, na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kiwe mkononi kabla ya nguzo.