Kufuatilia matokeo ya upasuaji wa tezi dume: anzia wodini

Utafiti wa namna hii huharibika mapema: mgonjwa anaingizwa chumba cha upasuaji na hakuna aliyeandika alikuwa anakojoaje. Ukishapata kibali cha kamati ya maadili, anza kazi kabla ya kisu.

Hatua ya 1: Watenganishe. Wazee wengi hutufikia tayari wana mpira wa kutolea mkojo, mkojo ulishaziba kabisa. Hao huwezi kuwapa alama za dalili, kwani hawakojoi wenyewe. Kwao swali kubwa ni hili: mpira ukitolewa, anakojoa? Ukiwachanganya na wenzao, jedwali lako litadanganya.

Hatua ya 2: Wanaokojoa wenyewe wapime kwa IPSS, dodoso la kimataifa la dalili za tezi dume. Ni maswali 7, kila moja alama 0 hadi 5. Jumla ya 0–7 ni dalili ndogo, 8–19 za wastani, 20–35 kali. Swali la nyongeza linauliza anavyoridhika na hali yake. Tafadhali usimwachie mzee karatasi ukaondoka. Mmoja aliniambia anaamka mara moja tu usiku. Nikamuuliza anakunywa maji saa ngapi. "Ikishapita alasiri sigusi kitu, mwanangu." Alikuwa anavumilia kiu ili apate usingizi. Nikaandika alama 1 kama alivyojibu, na kiu yake nikaiandika pembeni.

Hatua ya 3: Pima kasi ya mkojo, kisha kwa ultrasaundi mkojo unaobaki kibofuni. Akitoa chini ya mililita 150, rudia. Kasi hiyo si ya kuaminika.

Hatua ya 4: Andika njia ya upasuaji (TURP, yaani kukwangua tezi kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, au kufungua tumbo), damu aliyoongezewa, siku alizokaa na mpira, na matatizo kwa madaraja ya Clavien-Dindo, yanayopanga matatizo ya baada ya upasuaji kwa uzito wake. Fuatilia majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara. Wenye saratani wachambue peke yao.

Hatua ya 5: Mwite tena baada ya miezi 3 na 12, kwa maswali yaleyale. Chukua na namba ya simu ya mwanawe, kwa ridhaa yake mzee. Ya unyumba muulize faraghani, mwanawe akiwa nje. Baada ya TURP manii kurudi kibofuni ni jambo la kawaida sana, na asiyeelezwa mapema huamini ameharibiwa.

Asiyerudi mpigie. Huenda amepona akaona nauli ya bure, huenda amewekewa mpira tena kwingine, huenda amefariki. Usiwahesabu wote hao kuwa wamepona.