Kuchagua Fomati ya Faili za Picha kwa Ramani za Angani za Maeneo Makubwa

Mtu anayejiandaa kutengeneza ramani ya eneo kubwa kwa picha za droni huuliza mapema kabisa ni fomati gani ya picha iliyo bora, na mara nyingi hupewa jibu moja: JPEG kwa sababu ni nyepesi, au faili ghafi kwa sababu haijapunguzwa kitu. Majibu yote mawili yana upungufu uleule, kwamba yanaichukulia kazi nzima kuwa hatua moja, ilhali picha iliyotoka kwenye kamera, ortofoto (picha moja kubwa iliyonyooshwa na kuunganishwa ili ipimike kama ramani) na nakala atakayoifungua mteja ni vitu vitatu vyenye mahitaji tofauti. Katika kila hatua jiulize hivi: je, kuna mtu au programu itakayosoma thamani ya kila pikseli kama kipimo, au pikseli zitatumika tu kutambua umbo la kitu na mahali kilipo? Pale thamani inaposomwa kama kipimo, kubana kunakopoteza taarifa hakufai. Pale panapotafutwa umbo na mahali, kunavumilika kuliko wengi wanavyodhani.

Anza na hesabu ya ukubwa

Ikiwa pikseli moja inawakilisha sentimita 5 ardhini, kilomita moja ya mraba ina pikseli 20,000 kwa 20,000, yaani milioni 400. Kwa rangi tatu zenye biti 8 kila moja, hiyo ni gigabaiti 1.2 kabla ya kubanwa. Kwa kilomita za mraba 100 ni gigabaiti 120, na ukitumia biti 16 ni 240. Hapo ni ortofoto peke yake. Picha zenyewe hubeba zaidi kwa sababu hufunikana: kamera ya pikseli 5,472 kwa 3,648, ikipiga kwa kufunikana kwa asilimia 80 kuelekea mbele na asilimia 70 ubavuni, huongeza takribani mita za mraba 3,000 tu za eneo jipya kwa kila picha, hivyo kilomita moja ya mraba hudai picha 330 hivi, na kilomita 100 hudai zaidi ya 33,000. Faili ghafi isiyobanwa ya kamera hiyo, ikihifadhi baiti mbili kwa kila pikseli, ina megabaiti 40. JPEG ya ubora wa juu, tuseme, ina 8. Kwa mradi mzima tofauti ni kati ya gigabaiti 270 na terabaiti 1.3, na data yote hiyo lazima ipite kwenye kadi ya kumbukumbu, inakiliwe mahali pawili kabla kadi haijafutwa, kisha isomwe na programu ya kuchakata. Hesabu hii ifanyike kabla ya kubishana juu ya ubora.

Wakati wa kupiga picha

JPEG hugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, hutupa maelezo madogo ambayo jicho haligundui yakikosekana, na kwa kawaida huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwangaza. Ubora ukiwekwa juu kabisa, madhara yake katika kuunganisha picha ni madogo, kwa sababu programu za fotogrametria, yaani zinazounda ramani kutokana na picha zinazofunikana, hutafuta pembe na madoa yenye tofauti kubwa ya mwangaza, na hayo hubaki. Kwa hiyo, kwa ramani ya barabara, majengo au mipaka ya viwanja, ambako linalotakiwa ni kujua kitu kiko wapi, mimi huiona JPEG ya ubora wa juu kuwa chaguo la kawaida lisilohitaji kutetewa. Picha iliyotiwa ukungu na mwendo wa droni, au iliyokosa fokasi, huharibu ramani kuliko JPEG inavyoweza kuiharibu.

Faili ghafi, ambayo katika droni nyingi huhifadhiwa kama DNG, hubeba biti 12 au 14 kwa kila pikseli, yaani ngazi 4,096 au 16,384 za mwangaza dhidi ya 256 za JPEG. Faida yake huonekana penye tofauti kali za mwanga, kwa mfano kivuli kizito cha msitu au cha majengo marefu kando ya mchanga mweupe, ambako JPEG huacha weusi au weupe mtupu usio na alama ya kuunganishia. Lakini gharama yake si nafasi ya diski tu. Katika mfano wetu, picha moja na inayofuata zimetengana kwa mita 36 hivi. Kamera inayoweza kupiga kila baada ya sekunde 3 huiruhusu droni kwenda mita 12 kwa sekunde, ilhali kamera ileile ikihitaji sekunde 5 kuandika faili ghafi huishusha hadi mita 7 kwa sekunde. Muda wa kuruka huongezeka kwa zaidi ya nusu, betri huongezeka, na jua husogea zaidi kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho, hivyo vivuli vya picha jirani hukataa kulingana. Mara nyingine mtu huchagua faili ghafi ili kuvikomboa vivuli, akajikuta amevizidisha.

Ukiichagua hata hivyo, jua kwamba programu nyingi za kuchakata hutaka uibadilishe kwanza iwe TIFF au JPEG. Ubadilishaji huo ufanywe kwa mipangilio ileile kwa picha zote, bila kukata kingo, bila kuzungusha, na bila kurekebisha mpindo wa lenzi, kwani programu ya fotogrametria hukadiria yenyewe vigezo vya lenzi na hupotoshwa ikipewa picha iliyokwisha kunyooshwa. Hakikisha pia kwamba EXIF na XMP, taarifa zilizofichwa ndani ya faili ya picha zinazobeba viwianishi na mwelekeo wa kamera, zimehamia kwenye faili mpya. Baadhi ya programu za picha huzifuta kimyakimya. Kwa sababu hizohizo, unapotumia JPEG, zima urekebishaji wa mpindo na unoaji wa picha ndani ya kamera, na weka mizani ya rangi isiyobadilika badala ya ile ya kujirekebisha.

TIFF ya moja kwa moja kutoka kwenye kamera, pale inapotolewa kama chaguo, haina maana kubwa: kwa kamera yetu ya mfano ni megabaiti 60 za biti 8, nzito kuliko faili ghafi na yenye taarifa chache kuliko hiyo.

Kamera za bendi nyingi (zinazorekodi kila sehemu ya mwanga peke yake) na za joto ni habari nyingine kabisa, kwani hapo thamani ya pikseli ndiyo bidhaa. Kwa kukokotoa fahirisi za mimea tumia TIFF ya biti 16 kwa kila bendi na usiibane kwa kupoteza katika hatua yoyote. Kamera za joto mara nyingi huandika JPEG ya aina ya pekee inayobeba vipimo vya joto ndani yake kando ya picha ya rangi inayoonekana. Ukiifungua kwenye programu ya kawaida ya picha na kuihifadhi upya, rangi hubaki na joto hupotea.

Ortofoto na modeli ya mwinuko

Baada ya kuchakata, bidhaa kuu ihifadhiwe kama GeoTIFF, yaani TIFF inayobeba ndani yake nafasi, ukubwa wa pikseli na mfumo wa viwianishi. Toleo lake la 1.1 lilitangazwa kuwa kiwango cha OGC, shirika la viwango vya data za kijiografia, mwaka 2019. Faili ndogo ya pembeni yenye kiambishi kama .tfw au .jgw haitoshi, kwa sababu ina namba sita tu za nafasi na kipimo, haisemi namba hizo ni za mfumo upi, tena huachwa nyuma kila mtu anaponakili picha peke yake.

TIFF ya kawaida hutumia anwani za biti 32, hivyo haiwezi kuvuka gigabaiti 4. Kwa pikseli za sentimita 5 zisizobanwa, ukomo huo hufikiwa baada ya kilomita za mraba tatu na nusu hivi. BigTIFF hutumia anwani za biti 64 na huondoa kikwazo hicho. Iwashe tangu mwanzo, kwa kuwa programu inayobana data haiwezi kujua mapema faili itaishia na ukubwa gani, na hakuna udhia kama kazi ya usiku kucha inayokatika karibu na mwisho.

Kwa nakala ya kudumu, bana bila kupoteza. Kati ya njia za kubana, DEFLATE husomwa karibu kila mahali, LZW vilevile, na ZSTD ni ya kasi zaidi ila programu za zamani haziijui, kwa hiyo itumie ndani ya ofisi tu. Washa kikadiriaji (PREDICTOR), kinachohifadhi tofauti kati ya pikseli jirani badala ya thamani zenyewe: namba 2 kwa thamani kamili, namba 3 kwa thamani za desimali. Picha ya rangi yenye majani na kokoto haitapungua sana, na hilo si kosa la mpangilio.

Modeli ya mwinuko, ambayo kila pikseli yake ni kimo, isiguswe na JPEG hata mara moja, kwani vipande vyake vya 8 kwa 8 hugeuka kuwa ngazi za uongo kwenye miteremko na kuharibu mistari ya kontua. Iweke kama GeoTIFF ya desimali za biti 32. Ikibidi ipunguzwe sana, njia ya kubana iitwayo LERC inakubaliwa, maana hukuruhusu kutaja kosa la juu kabisa unaloliruhusu, kwa mfano sentimita 1, na haivuki hapo.

Nakala ya kukabidhi

Hapa ndipo JPEG inaporudi kwa haki. Nakala ya kutazamwa ifanye COG, yaani GeoTIFF iliyopangwa kwa vigae na piramidi za nakala ndogo, iliyopata kuwa kiwango cha OGC mwaka 2023, ili kivinjari kisome kutoka kwenye seva sehemu inayotazamwa tu badala ya kupakua faili nzima. Piramidi huongeza theluthi moja hivi ya ukubwa. Kwa ortofoto ya bendi nne, ya nne ikiwa ya uwazi, amri ya GDAL, zana huria ya kuchakata data za kijiografia (toleo la 3.1 au jipya zaidi), ni hii:

gdal_translate -of COG -b 1 -b 2 -b 3 -mask 4 -co COMPRESS=JPEG -co QUALITY=85 -co BIGTIFF=YES ortofoto.tif ortofoto_cog.tif

Sehemu ya -mask 4 isirukwe. Ukitegemea rangi nyeusi au nyeupe kuwa alama ya mahali pasipo data, JPEG huichafua rangi hiyo kidogo karibu na kingo, na mteja huona utepe mchafu kuzunguka ramani nzima.

Fomati za ECW na MrSID hutoa faili ndogo sana na hufunguka upesi, lakini kuziandika kwa kawaida hudai leseni, na kuzisoma mara nyingi hudai programu-jalizi. JPEG 2000 ni kiwango cha ISO na inaweza kubana bila kupoteza, ingawa programu nyingi huifungua polepole. Zitoe mteja akizitaka, na zisiwe nakala yako pekee.

Kabla ya kuruka eneo lote, chukua kipande kidogo, kipitishe katika mnyororo mzima kwa fomati ulizochagua, kisha fungua matokeo kwenye kompyuta ya mteja kwa programu anayoitumia yeye. Kagua mambo matatu: mfumo wa viwianishi umetambuliwa bila kuulizwa, kingo ni wazi bila utepe, na mwinuko unaosomwa kwenye alama ya ukaguzi iliyopimwa ardhini ni uleule uliomo kwenye modeli ya awali. Kimoja kikikataa, badilisha fomati ya hatua hiyo peke yake na urudie jaribio.