Jaribio Linapochelewa: Namna ya Kupanga Kikomo cha Muda

Nipo Nkuhungu, Dodoma, natengeneza programu ya kurekodi uzito wa zabibu za wakulima wa Hombolo. Jaribio moja la kukagua programu hiyo linaingiza rekodi 200,000 kwenye hifadhidata, na Jest, zana ya kuendesha majaribio ya JavaScript, ilikuwa inalihesabu limeshindwa kila mara, kwa kuwa kikomo chake cha kawaida ni sekunde 5.

Usikimbilie kuongeza muda kwa majaribio yote. Pima kwanza: endesha hilo moja mara kumi, chukua muda mrefu zaidi, uuzidishe mara mbili. Langu lilifika sekunde 14, nikaweka 30. Jest huhesabu kwa milisekunde, hivyo andika 30000 mwishoni mwa test(), baada ya funksheni, si kwenye mipangilio ya mradi mzima. Majaribio madogo yabaki na sekunde zao 5. Yakikwama, nataka kujua upesi.

Anayetumia pytest, zana kama hiyo ya Python, asakinishe nyongeza ya pytest-timeout, aweke @pytest.mark.timeout(30) juu ya jaribio husika; hapa 30 ni sekunde.

Kinachoniuma hasa ni kusubiri kwa kukisia: mtu anaweka sleep(10), yaani subiri sekunde 10, akitumaini kazi itakuwa imeisha. Tafadhali, acha. Uliza kila nusu sekunde kama imeisha, na kikomo kikifika toa ujumbe unaotaja ulichokuwa unasubiri. Wangu ulisema "zimeingia 143,000 kati ya 200,000", nikajua papo hapo kwamba hakuna kilichoganda. Tatizo lilikuwa uingizaji wa rekodi mojamoja. Nikazifunga mafungu ya 1,000, na sasa jaribio huisha kwa sekunde 3.