Kabla hujaomba kibali cha bunduki, na kadi ya kliniki ya akili iko kabatini

Huku kwetu Moshi vijijini, ng'ombe wawili wakiibwa tu, kila mwenye uwezo anaanza kuulizia bunduki. Sawa. Ila kama wewe, au mtu mnayeishi naye, anahudhuria kliniki ya akili, kaa chini kwanza.

Sheria yenyewe ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Isome, usisimuliwe kijiweni. Inataka mwombaji awe na hali ya akili iliyotulia, asiwe mtu wa vurugu, asiwe mtumwa wa ulevi.

Usifiche ugonjwa. Maombi yanaanzia kijijini au mtaani, yanapanda kata hadi wilaya, na mwenyekiti wako alikuwepo siku ulipopakiwa kwenye pikipiki kupelekwa hospitali. Unamficha nani? Nenda na barua ya daktari anayekutibu: unatibiwa nini, tangu lini, umetulia kwa muda gani. Ya daktari aliyekuona asubuhi moja achana nayo. Wala usiache dawa ili uonekane mzima.

Picha, kitambulisho, alama za vidole, ada: kituo cha polisi watakuelekeza.

Sanduku la chuma lenye kufuli linunuliwe kabla ya bunduki. Uvunguni si stoo.

Sasa hili ndilo lililotuumiza. Watu wanajiandaa kwa siku ya kupewa kibali, hawajiulizi itakuwaje mwenye kibali akiugua baadaye. Baba mdogo alipata chake akiwa mzima kabisa, shotgun ya kulinda kihamba, yaani shamba la nyumbani. Miaka miwili mbele akaacha kulala, akaacha kula, akawa anakaa nje gizani peke yake. Hospitali wakasema ni sonona, na daktari akamwambia mama mdogo waziwazi: hiyo silaha itoke nyumbani leo.

Mama mdogo akatii. Akaifunga kwa kitenge, akaiweka kwenye kiroba pamoja na ndizi, akapanda haisi hadi mjini, akaiweka juu ya kaunta ya polisi. Askari akamuuliza swali moja: "Mama, kibali chako kiko wapi?" Hakuwa nacho, kwa sababu kibali si cha nyumba wala cha ndoa, ni cha mtu mmoja. Kukutwa na silaha bila kibali hapa nchini kunaweza kukuingiza kwenye kesi ya uhujumu uchumi, na wote tunajua dhamana ya kesi hizo ilivyo ngumu. Nilipigiwa simu saa nane mchana. Ikabidi tumteremshe mgonjwa mwenyewe, akitetemeka, na kitabu chake cha leseni mkononi, aje kueleza kwamba huyu ni mke wake na hakuiba kitu. Tulitoka saa tatu usiku, na hapo tulibahatika kumpata mkubwa wa zamu mwenye busara.

Kwa hiyo pangeni mapema, mwenye kibali akiwa na akili zake. Nani anashika ufunguo wa sanduku akianza kubadilika? Namba ya kituo iko wapi? Siku ikifika, msiibebe. Pigeni simu, askari waje kuichukua, na mdai hati iliyoandikwa namba ya silaha na idadi ya risasi. Aibu ya majirani kuona gari la polisi itapita.

Mwenye kibali akifariki ni vilevile: hairithiwi kama shamba, itolewe taarifa, na anayeitaka aombe upya kwa jina lake.

Risasi zihesabiwe, zifungiwe kwingine. Watoto wasijue ufunguo ulipo. Na Desemba, wote wakisharudi nyumbani na mbege ikianza kuzunguka, ufunguo usining'inie kwenye msumari wa jikoni, na asiwepo shemeji wa kusema "hebu ilete tuione".