Kuchagua miti na maua ya nyumbani Dodoma: anzia mwezi wa Oktoba

Mvua za Desemba zikianza, Dodoma nzima hukimbilia vitaluni. Kufikia Machi kila ua wa nyumba ni kijani na kila mche unaonekana umeshika. Septemba ukipita kwenye nyumba zilezile, nusu ya miche imebaki vijiti. Nafanya kazi ya kuotesha miche na kupanga bustani za watu hapa mjini, na jambo hili linaniumiza, kwa sababu mingi ya miche hiyo ilimwagiliwa vizuri tu. Shida ilianza siku ya kununua: mti ulichaguliwa kwa uzuri wake wa masika.

Dodoma hupata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba ya ukavu, pamoja na upepo wa kusini-mashariki unaokausha majani kuanzia Juni. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuza miche ni moja: mti huu Oktoba unakuwaje?

Hatua ya 1: Zunguka mtaani Oktoba

Kabla ya kununua chochote, tembea mtaani kwako mwezi wa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Angalia miti iliyo nje ya kuta: ya kando ya barabara, ya kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, ya pembeni ya makorongo. Hiyo haina mtu wa kuimwagilia. Ukikuta mwarobaini umesimama peke yake kwenye kiwanja kitupu na majani yake ni ya kijani, umeshajua kwamba udongo wa mtaa huo unaufaa. Mti ulio ndani ya ua usiutegemee sana kwa kipimo hiki, huenda mizizi yake imeshafika kwenye shimo la choo.

Usidhani kila mti usio na majani umeshindwa. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi ili usipoteze maji, nao ni mzima. Mkababu, ambao kitaalamu ni Faidherbia albida, hufanya kinyume kabisa: huwa na majani kiangazi na huyapukutisha wakati wa mvua, ndiyo maana wakulima hulima chini yake bila mazao kukosa jua. Unachotakiwa kuamua ni kama unataka kivuli Oktoba au unataka mti tu. Kama ni kivuli, chagua usiopukutisha.

Hatua ya 2: Ujue udongo wako

Chimba shimo la nusu mita mahali unapotaka kupanda. Jioni mwaga ndoo mbili za maji, halafu asubuhi uende ukaangalie. Maji yakiwa yameisha na ukuta wa shimo ni mwekundu, wenye mchanga, una udongo wa kawaida wa Dodoma: unapitisha maji haraka, hauna rutuba nyingi, lakini mizizi hushuka vizuri. Maji yakiwa bado yamesimama, mambo ni mawili. Ama upo kwenye mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa kiangazi, ama kuna tabaka gumu chini. Tabaka gumu livunje kwa mtaimbo mpaka upite, hata kama kazi itachukua siku nzima, kwa sababu mzizi ukigonga pale hugeuka na kukaa juujuu, na kiangazi utaungua. Kwenye mbuga weka mkunazi au mgunga, na mwarobaini uupeleke kwingine kwani hauvumilii maji yaliyotuama.

Viwanja vipya pembezoni mwa mji vina shida ya ziada: greda likishapita, udongo wa juu umeondoka na unapanda kwenye udongo wa chini mtupu. Hapo samadi iongezwe maradufu.

Kama unatumia maji ya kisima, chunguza chumvi. Acha maji yakauke kwenye sinia jeusi. Ukiona ukoko mweupe mzito, achana na parachichi na mimea mingine inayochukia chumvi. Mkomamanga, mkunazi na mwarobaini huvumilia zaidi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya maji kabla ya kuhesabu miche

Watu wengi hununua miche ishirini kisha ndiyo wanaanza kutafuta maji. Fanya kinyume. Mche wa mti unaovumilia ukame unahitaji ndoo moja ya lita 20 kila wiki katika kiangazi chake cha kwanza. Kuanzia Mei hadi Novemba kuna wiki kama 30, kwa hiyo mche mmoja ni lita 600. Tangi la lita 5,000 likijaa, linatosha miche minane hivi kwa kiangazi chote, bila kuhesabu mahitaji ya nyumbani. Mwaka wa pili utamwagilia kila baada ya wiki mbili, na mwaka wa tatu miti mingi niliyoitaja humu hujitegemea.

Bati lako nalo ni chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 hupokea takribani lita 55,000 kwa mwaka wa mvua ya kawaida. Hata sehemu yake ikipotea, iliyobaki ni maji mengi ambayo sasa hivi yanakwenda barabarani na kuchimba mfereji mbele ya geti. Kama huna uwezo wa tangi, funga magata na uelekeze maji kwa mtaro mdogo hadi kwenye mashina ya miti. Ardhi yenyewe itakuwekea akiba.

Hatua ya 4: Kila mti upewe kazi na mahali pake

Jua linalotesha nyumba Dodoma ni la saa nane hadi saa kumi na moja, linalopiga ukuta wa magharibi. Mti wa kivuli wa kwanza kabisa uwekwe upande huo. Upande wa kusini-mashariki panga safu ya kuzuia upepo na vumbi. Katikati ya ua acha wazi, utapahitaji.

Mwarobaini na mjohoro vikae mita tano au sita kutoka kwenye msingi, mkwaju mita nane, na mkuyu usiupande karibu na chemba wala bomba hata ukibembelezwa. Angalia juu pia: mti ulio chini ya waya wa umeme utakatwa kichwa kila mwaka na utaharibika umbo.

Hatua ya 5: Chagua aina

Kwa kivuli, mimi naanza na mwarobaini. Mzizi wake hushuka chini sana, huota kwenye udongo maskini, na hata ukipunguza majani kidogo kiangazi haukai wazi kwa muda mrefu. Mjohoro hukua haraka kuliko huo, hubaki kijani, hutoa maua ya njano, na ukikatwa huchipua tena. Mwenye nyumba mpya asiye na kivuli kabisa namshauri apande mjohoro mmoja wa haraka na mkwaju mmoja wa kudumu. Mkwaju hukua polepole na hilo ndilo linalowakatisha watu tamaa, lakini upepo hauuangushi, ukame hauutishi, na matunda yake yanauzika. Kama una eneo la ekari moja au zaidi, weka mbuyu mbali na nyumba, mita kumi na tano au zaidi.

Mkrismasi unapendwa kwa maua yake mekundu ya mwisho wa mwaka, na kweli ni mzuri mno. Ila mizizi yake hutambaa juujuu na matawi hukatika kwa upepo, kwa hiyo usiuweke karibu na pevingi wala mahali pa kuegesha gari. Mti mwavuli, ule wenye matawi ya ghorofa ghorofa, ni mzuri mbele ya nyumba ila uutunze kwa maji miaka miwili ya mwanzo. Miashoki iliyonyooka kama nguzo kando ya ukuta ni fasheni ya mji mzima. Ukiweza kuimwagilia mfululizo itapendeza, ukikosa maji ncha za majani zitakuwa kahawia na safu nzima itaonekana mgonjwa. Siipendekezi kwa mwenye tangi moja.

Kwa matunda, mkomamanga ndio mti ninaousemea kila mahali. Unataka jua kali, unataka hewa kavu, hauli nafasi, na maua yake yanapamba. Mkunazi ni mgumu kuliko wote ila una miiba. Mwembe utafanikiwa ukiuhudumia miaka mitatu ya mwanzo. Mzabibu ni fahari ya Dodoma, na ukikatiwa vizuri huzaa mara mbili kwa mwaka. Uweke kwenye kichanja juu ya veranda upate kivuli na zabibu pamoja, ila ujue unahitaji maji ya uhakika na kupigwa dawa ya ukungu.

Kwa uzio wa kijani, minyaa inakubali kukatwa na kuchomekwa ardhini bila hata mizizi. Wagogo wameitumia tangu zamani kwenye maboma. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa, hivyo penye watoto wadogo tumia bogenvilia. Bogenvilia ikipewa maji mengi hutoa majani matupu. Ikibanwa kidogo ndipo inachanua, na kwa hali ya hewa yetu inachanua karibu mwaka mzima. Mshubiri, mkonge wa mapambo na waridi la jangwani hutosha kwa sehemu zenye mawe na kokoto. Waridi la jangwani huoza likimwagiliwa sana, na utomvu wake nao ni sumu.

Nyasi zifanye chache. Ukoka wa kienyeji hukauka kiangazi na kurudi mvua zikinyesha, na hiyo ni sawa. Nyasi za kapeti zitakunywa maji ya miti yako yote.

Kuna vitu sipandi. Mlusina na lantana husambaa na kuvamia mashamba ya jirani. Mkaratusi kwenye kiwanja cha nyumba hunyonya maji ya wenzake, na ukiwa mdogo mchwa huumaliza. Mgrevilea ni mti wa nyanda za juu. Huku kwetu hupata shida ya ukame na mchwa.

Na kabla hujanunua mche hata mmoja, angalia visiki vilivyomo kiwanjani. Mbinu ya Kisiki Hai, ambayo wanavijiji wengi wa Dodoma wanaitumia mashambani, inafaa hata mjini: kisiki cha mgunga au mpingo kinachochipua kina mizizi iliyokwisha kushuka. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kata mengine, yafunge kitambaa cha rangi ili fundi asiyafyeke, na yalinde na mbuzi. Utapata mti wa asili bila ndoo hata moja ya maji.

Hatua ya 6: Mche wenyewe

Usivutiwe na mche mrefu. Mche wa sentimita 30 hadi 60, wenye shina nene na kiriba (mfuko uliooteshewa) kizima, utaupita ule wa mita mbili ndani ya misimu miwili. Nyanyua kiriba: kama kimeng'ang'ania ardhini, mzizi mkuu umeshatoboa na utakatika ukiung'oa. Chungulia chini, mizizi iliyojizungusha kama kamba ndani ya kiriba itaendelea kujizungusha hata ardhini, na miaka mitano baadaye mti utang'oka kwa upepo. Uliza kama mche umeshazoeshwa jua. Uliotoka moja kwa moja kivulini ukaanikwe kwako taratibu kwa wiki mbili.

Hatua ya 7: Kupanda

Shimo lichimbwe Oktoba au Novemba, sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu weka kulia, wa chini kushoto. Changanya wa juu na debe moja la samadi ya zizini iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi na huita mchwa. Ngoja mvua ilowanishe ardhi futi moja kwenda chini, ndipo upande. Mvua ya kwanza ikinyesha siku mbili na kukatika imeshaua miche mingi.

Pasua kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, ukitoe chote, na ushike donge kwa mikono miwili lisivunjike. Shina likae usawa uleule lilivyokuwa kitaluni. Shindilia kwa viganja, kisha tengeneza kisahani cha mita moja kuzunguka mche. Kwenye mteremko jenga tuta la nusu mwezi upande wa chini, kingo zikitazama juu ili zikinge maji yanayoshuka. Tandaza majani makavu au mabua, ukiacha wazi kiganja kimoja kutoka kwenye shina, maana matandazo yakigusa gome mchwa hupandia hapo. Zungushia miiba. Mbuzi wa Dodoma hawajui kiwanja cha nani.

Hatua ya 8: Kiangazi cha kwanza

Ndoo ile ya wiki imwagwe yote kwa mara moja, jioni, polepole. Kikombe kila siku hulowanisha juu tu, na mizizi itabaki juu kuyafuata maji hayo. Ukitaka kupunguza matumizi, fukia chungu cha udongo kisichopakwa rangi kando ya mche, kijaze maji na ukifunike. Maji yatavuja kidogo kidogo kuelekea mizizini. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kama hayana sabuni kali, ya dawa ya kufulia mwaga kwingine.

Mche ukikauka juu mwezi wa Septemba, usiung'oe. Kwaruza gome kwa ukucha ukianzia juu kwenda chini. Pakiwa na kijani mahali popote, kata juu kidogo ya hapo, endelea na ndoo yako, na usubiri mvua. Mwarobaini na mjohoro huchipua mara nyingi hata kutoka shingoni, pale shina linapokutana na udongo. Ukikwaruza hadi kwenye udongo na kote ni kahawia, ung'oe uichunguze mizizi: iliyoliwa ni mchwa, iliyojizungusha ni kitalu, iliyolala juujuu ni tabaka gumu ambalo mtaimbo haukulimaliza. Lirekebishe shimo hilohilo kabla ya Desemba.