Kumaliza CS50x ukiwa Mombasa bila kumaliza bando

CS50x ni kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, anayoifundisha David Malan, iliyowekwa mtandaoni ili kila mtu aisome kwa mwendo wake. Ni bure. Anayelipa hulipia cheti cha edX, tovuti inayotoa kozi hii. Cheti cha CS50 yenyewe hakina malipo, mradi upate angalau 70% katika kila zoezi linalotakiwa na uwasilishe mradi wa mwisho.

Fungua akaunti moja ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo (maandishi ya programu), na ushikamane nayo. Alama hufuata akaunti. Ukitumia mbili, mazoezi yatagawanyika na utajiona hujafanya kitu. Kwa akaunti hiyo ingia cs50.dev, uandike msimbo ndani ya brauza. Kompaila, yaani kitu kinachogeuza msimbo uwe programu inayoendeka, iko kwenye seva, kwa hivyo laptopu kuukuu inatosha. Simu iachie mihadhara.

Bando huliwa na video, si mazoezi. Mhadhara mmoja huchukua kama saa mbili, kwa hivyo upakue ukiwa kwenye waifai, tuseme Swahilipot Hub pale karibu na Fort Jesus, kwa ubora wa 360p. Chini ya hapo msimbo hausomeki. Nyumbani, stima zikipotea na rauta huzimika. Washa hotspoti ya simu uendelee, maana faili ziko kwenye seva.

Usikawie kwenye wiki 0, ni Scratch tu, lugha ya kuunganisha vipande kwa kuburuta. Kazi yaanza wiki 1, kwa lugha ya C, na hapo zoezi la Mario ndilo huwakwamisha wengi. Unatakiwa uchapishe piramidi ya alama za # iliyoegemea kulia, kwa kimo anachotaja mtumiaji. Kabla ya kugusa kibodi, chora kwenye karatasi piramidi ya kimo 4, ukiweka nukta mahali pa nafasi tupu:

...#
..##
.###
####

Hesabu nukta na # za kila mstari, utafute uhusiano wao na namba ya mstari. Ukiupata, vitanzi (amri za kurudia) vitajiandika. Acha nukta hizo hata kwenye programu hadi umbo likae sawa, kwa sababu nafasi tupu hazionekani zikikosewa.

Kompaila ikilalamika kuhusu get_int, amri ya kumwomba mtumiaji namba, mara nyingi umesahau #include <cs50.h>. Makosa yakiwa ishirini, rekebisha la kwanza kisha uendeshe make, amri ya kukompaili, tena. Mengi ya chini ni watoto wake. Na amri ya check50 hupima msimbo wako tu. Anayewasilisha ni submit50, na amri yake ina mwaka ndani, basi inakili kutoka ukurasa wa mwaka huu, si kwenye video ya zamani ya YouTube.

Zoezi likiwa na toleo jepesi na gumu, moja latosha. Kwa mfano, zoezi gumu la wiki 3, Tideman, liruke, ufanye jepesi, Runoff. Nguvu ziweke wiki 4 na 5, kwenye kumbukumbu na pointa (anwani za mahali ndani ya kumbukumbu): programu ikianguka kwa "segmentation fault", umegusa kumbukumbu isiyo yako, na valgrind, zana ya kukagua kumbukumbu, itakuonyesha mstari.

ChatGPT hairuhusiwi. Anayeruhusiwa ni bata wa CS50, msaidizi wa akili bandia aliyemo humo humo cs50.dev, ambaye hukuelekeza bila kukupa jibu.

Tarehe ya mwisho ni 31 Desemba. Ikikupita, alama za mazoezi ambayo bado yamo kwenye kozi huhamia mwaka unaofuata, ukibaki na akaunti ile ile.